Kutamauka: Maana, Umbo na Matumizi ya Neno Hili katika Uhakiki wa Fasihi

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, bila shaka umewahi kukutana na jibu kama hili katika karatasi ya tatu ya Kiswahili, ile ya fasihi: "Mhusika huyu ametamauka kwa sababu analia." Sentensi hiyo haina kosa la sarufi. Tahajia yake pia ni sahihi. Hata hivyo, mtahini makini ataipita bila kuipa alama, kwa kuwa kulia si kutamauka, na wala si kila aliyetamauka hulia. Neno hili limekuwa kipenzi cha watahiniwa wetu. Hulipachika popote panapotajwa huzuni, msiba, umaskini au mapenzi yaliyovunjika. Matokeo yake ni kwamba wahusika wote wa vitabu vyote hufanana, na uhakiki hugeuka kuwa orodha ya maneno makubwa yasiyo na ushahidi.

Katika makala haya ninadhamiria kulifafanua neno kutamauka: umbo lake, maana yake, maneno yanayokaribiana nalo, na namna ya kulitumia katika kuhakiki riwaya, tamthilia na ushairi. Hoja yangu ni moja. Mtu hutamauka pale ambapo tumaini alilokuwa nalo limemtoka, naye akaacha kutenda yale aliyokuwa akiyatenda kwa ajili ya tumaini hilo. Pasipokuwa na tumaini la awali, hapana kutamauka. Mingi ya mifano yangu ya maisha ya kila siku nimeitoa huku Kabras, katika kaunti ya Kakamega, ninakofundisha, kwa maana mwanafunzi hulielewa upesi neno analoweza kulipeleka shambani kwao au uwanjani.

Umbo la neno

Kutamauka ni kitenzi. Ukilichanganua umbo lake utaona ndani yake nomino tamaa, ambayo Kiswahili kiliipata kutoka Kiarabu, pamoja na kiambishi -uk-. Kiambishi hiki tunakifahamu katika kauli ya kutenduka: kunja hutupa kunjuka, ziba hutupa zibuka, fumba hutupa fumbuka. Kilichokuwa kimekunjwa kimerudi kilivyokuwa awali. Basi njia rahisi ya kulikumbuka neno letu ni hii: aliyetamauka ni mtu ambaye tamaa yake imetenduka. Ilikuwapo, sasa haipo.

Kauli ya kutendesha ni kutamausha. Sauti k ya mwisho hugeuka kuwa sh, kama ilivyo katika anguka na angusha, amka na amsha, kumbuka na kumbusha. Kutamausha ni kumfanya mtu atamauke. Ukiongeza kiambishi cha kutendwa utapata kutamaushwa. Tazama sentensi hizi tatu:

(a) Mkulima ametamauka.
(b) Bei ya miwa imemtamausha mkulima.
(c) Mkulima ametamaushwa na bei ya miwa.

Sentensi ya (a) inatuonyesha hali tu. Ya (b) na ya (c) zinatuonyesha hali pamoja na kilichoisababisha. Mtahiniwa anayehakiki hana budi kufika katika (b) au (c). Akiishia katika (a), ameeleza nusu ya jambo.

Kuna mambo mawili zaidi ya kisarufi yanayofaa kuzingatiwa. Kwanza, kutamauka hutaja hali, sawa na kuchoka, kulala na kushiba. Kwa hiyo tunapoieleza hali yenyewe tunatumia kiambishi -me-: ametamauka, kama tusemavyo amechoka. Tukisema anatamauka, tunasimulia ule wakati tumaini linapomtoka. Kauli zote mbili zina nafasi yake katika uhakiki, mradi ujue unachosema. Pili, kitenzi hiki si elekezi, hakichukui shamirisho. Usiandike "ametamauka maisha". Andika "ametamauka maishani", "ametamaushwa na maisha" au "amekata tamaa ya maisha".

Tamaa ya aina mbili

Mwanafunzi mmoja mwerevu huweza kukuuliza: "Mwalimu, kama tamaa ni mbaya, kwa nini kutamauka pia ni kubaya? Si mtu aliyeachana na tamaa anafaa kusifiwa?" Swali hili ni zuri na linastahili jibu.

Neno tamaa lina maana mbili. Kuna tamaa ya uchu, yaani hamu iliyopita kiasi ya kupata mali, cheo au anasa. Hiyo ndiyo inayosemwa katika methali "Tamaa mbele, mauti nyuma", na ndiyo inayomponza fisi katika ngano zetu. Kisha kuna tamaa iliyo sawa na tumaini, kama mtu anaposema, "Mgonjwa yu mahututi, hatuna tamaa ya kupona kwake." Hapo hakuna uchu wowote. Kukata tamaa na kutamauka yametokana na maana hii ya pili. Mhusika mlafi aliyeuacha ulafi wake hakutamauka. Ametubu, ameongoka au amezinduka. Mtahiniwa asiyeitenganisha maana hizi huweza kuandika kwamba kiongozi fisadi aliyepinduliwa "ametamauka" kwa sababu tu tamaa yake ya mali imekatizwa. Huenda kweli ametamauka, lakini hilo si la kukisiwa kutokana na neno tamaa. Ni la kuthibitishwa kwa matendo yake.

Majirani wa kutamauka

Kiswahili ni tajiri wa maneno yanayohusu moyo uliolegea. Tatizo letu ni kuyachukua yote kana kwamba ni visawe kamili. Hebu tuyapange.

Kufa moyo ni kupotewa na ujasiri. Mara nyingi hutokea kabla ya tendo au katikati yake. Mchezaji wa raga anayewaona wapinzani wenye miili mikubwa wakiingia uwanjani, magoti yakamlegea kabla ya filimbi kupulizwa, amekufa moyo. Hajashindwa bado. Kilichopungua ni ushujaa.

Kuvunjika moyo huja baada ya pigo. Mtu alikuwa akitarajia jema, likaja baya, akaumia. Zingatia umbo la kitenzi: kuvunjika ni kauli ya kutendeka. Moyo umevunjika, mwenye moyo hakuuvunja yeye. Wakati mwingine kuna aliyemvunja moyo, na hapo mhakiki anapaswa kumtaja. Fauka ya hayo, kilichovunjika huweza kuungwa. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na wengine husema kuvunjika kwa mwiko si mwisho wa kupika. Methali hizi mbili zinatufunza kwamba kuvunjika ni ajali ya njiani, na kwamba kazi inaweza kuendelea.

Kukata tamaa ni hatua ya mbele zaidi. Hapa kitenzi ni cha kutenda: mtu mwenyewe ndiye anayekata. Amepima mambo, akaona hakuna njia, akaamua kuacha. Ndiyo maana tunaweza kumwambia mtu "usikate tamaa", nayo ikawa nasaha yenye maana, kwa sababu uamuzi bado umo mikononi mwake. Tukimwambia "usivunjike moyo" tunamliwaza, lakini pigo lenyewe hakulichagua yeye.

Kutamauka kunakaribiana sana na kukata tamaa, na katika majibu mengi ya mtihani maneno haya mawili yanaweza kubadilishana nafasi. Tofauti iliyopo ni ya mkazo na ya mtindo. Kukata tamaa hutilia mkazo uamuzi; kutamauka hutilia mkazo hali inayobaki baada ya tumaini kutoweka. Kukata tamaa ni kauli ya watu wote, sokoni, kanisani, msikitini na nyumbani. Kutamauka husikika zaidi katika lugha ya magazeti, ya vitabu na ya uhakiki. Huku kwetu, mama anayeuza mboga sokoni Malava hatakwambia kwamba ametamauka. Atakwambia, "Nimechoka." Mtahiniwa wa isimujamii aihifadhi tofauti hiyo: ni suala la sajili.

Mbali na hayo kuna kunywea, yaani kusinyaa kwa hofu, aibu au huzuni. Kusononeka, yaani kuwa na huzuni ya ndani inayotafuna. Na kushika tama, yaani kukaa na kiganja shavuni kwa mawazo au majonzi. Yote haya huweza kuwa dalili za kutamauka, lakini dalili si ugonjwa wenyewe. Mtu huweza kushika tama jioni na alfajiri akaamkia shambani.

Mfano mmoja unaweza kuyakusanya haya yote. Timu ya raga ya Kabras ilitwaa ubingwa wa Kenya Cup kwa mara ya kwanza mwaka wa 2016. Katika miaka iliyofuata ilifika fainali na kushindwa na KCB zaidi ya mara moja, hadi ilipolitwaa kombe hilo tena mwaka wa 2022. Shabiki wa Kabras aliyetoka uwanjani kimya baada ya fainali moja wapo alikuwa amevunjika moyo. Kama aliuficha uso wake kwa kiganja, alikuwa ameshika tama. Lakini kama msimu uliofuata alirudi na jezi yake, hakutamauka. Aliyetamauka ni yule aliyeikunja jezi, akaitia sandukuni na kuacha kuuliza matokeo. Wote wawili huenda walilia siku ile ile. Kilichowatenganisha ni walichofanya baadaye.

Maswali matatu ya kuthibitisha

Kutokana na maelezo hayo, ninapendekeza maswali matatu. Kabla ya kuandika kwamba mhusika fulani ametamauka, jiulize:

1. Alitumaini nini?
2. Ni nini, au ni nani, kilichomwondolea tumaini hilo?
3. Ameacha kutenda nini?

Swali la tatu ndilo linalosahauliwa sana, na ndilo lenye uzito. Mhusika wa fasihi hujulikana kwa matendo. Kama angali anatafuta, anauliza, anasafiri, anapigania haki yake au anamlea mwanawe, basi hata akilia kurasa kumi hajatamauka.

Tuyajaribu maswali haya katika kazi mnazozifahamu.

Katika riwaya ya Chozi la Heri ya Assumpta K. Matei, iliyokuwa kitabu teule kabla ya Nguu za Jadi kuchukua nafasi yake, Ridhaa anapoteza familia na nyumba katika moto wa ghasia zilizofuata uchaguzi. Analia. Watahiniwa wengi husimama hapo na kuandika kwamba ametamauka. Ukiuliza swali la tatu, jibu linabadilika. Ridhaa anaenda kumpokea mwanawe Mwangeka anaporudi kutoka ng'ambo. Anaendelea kuishi kwa ajili ya waliobaki. Mwangeka naye, aliyempoteza mkewe Lily, baadaye anaoa tena, na yeye na Apondi wanamlea Umu. Hawa ni watu waliovunjika moyo vibaya sana, lakini tumaini halikuwatoka lote. Mtahiniwa anaweza kutetea kwamba Ridhaa alitamauka kwa muda. Sawa, lakini autaje muda huo na aonyeshe ulipokoma. Tena, kichwa cha riwaya chenyewe kimelitaja chozi na heri pamoja. Anayeliona chozi peke yake hajakisoma kichwa.

Katika Siku Njema ya Ken Walibora (1965–2020), Msanifu Kombo anafunga safari kutoka Tanga kuja Kenya kumtafuta baba yake. Njiani anakumbana na mengi ya kumkatisha tamaa. Mtahiniwa akiulizwa kuhusu taabu za mhusika huyu, azitaje zote. Akiulizwa iwapo alitamauka, ajibu la, na ushahidi wake ni safari yenyewe. Mtu aliyetamauka hasafiri.

Katika tamthilia ya Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, mtazame Yona, mwalimu aliyezama katika ulevi. Jamii inamsimanga kwa kukosa mtoto wa kiume, naye anaipokea simango hiyo na kuileta nyumbani kwa mkewe Sara. Alitumaini nini? Mrithi wa kiume. Nani alimwondolea tumaini? Si Sara, wala si mabinti zake. Ni maneno ya watu. Ameacha kutenda nini? Wajibu wa mume na baba. Hapa kutamauka kunaweza kutetewa. Lakini mtahiniwa mwingine anaweza kusema kwamba Yona ni dhaifu wa msimamo, mwepesi wa kuyumbishwa na jamii, na kwamba ulevi wake hautokani na kutamauka bali na udhaifu huo. Majibu yote mawili yanafaa iwapo yana ushahidi. Jambo lisilofaa ni kutaja chupa ya pombe na kudhani kwamba umethibitisha.

Mwisho, kuna Kichwamaji, riwaya ya Euphrase Kezilahabi (1944–2020) iliyochapishwa mwaka wa 1974. Kazimoto, msomi wa chuo kikuu, anayatazama maisha na kuona hayana maana, na mwishowe anajiua. Hapa tunakutana na nomino nyingine itokanayo na neno letu: utamaushi. Wahakiki hulitumia kutaja mtazamo unaoyaona maisha kuwa hayana matumaini wala maana. Zingatia tofauti hii. Mhusika mmoja kutamauka hakuifanyi kazi nzima kuwa ya kitamaushi. Katika Bembea ya Maisha anaweza kuwapo mtu aliyetamauka, lakini tamthilia yenyewe ikawa na matumaini. Kazi huwa ya kitamaushi pale ambapo mkondo mzima wa matukio, mawazo na hitimisho lake unaelekea kwenye kutokuwapo kwa tumaini. Mtahiniwa asichanganye hali ya mhusika na msimamo wa mwandishi.

Kutamauka kama toni katika ushairi

Katika maswali ya ushairi, mtahiniwa huulizwa aitambue toni ya shairi na kuithibitisha. Majibu ya kawaida ni toni ya huzuni, ya masikitiko, ya kulalamika, ya kushauri na kadhalika. Kutamauka pia ni toni, lakini inatofautiana na huzuni. Ili kuidhihirisha tofauti hiyo, nimetunga ubeti ufuatao wa tarbia kwa matumizi ya darasani. Nafsineni ni mkulima wa miwa, mmea unaochukua zaidi ya mwaka mmoja kukomaa:

Nilipanda nikalima, jasho jingi likitoka,
Moto ukaja kwa hima, miwa yangu ikawaka,
Jivu nikalitazama, chozi likanidondoka,
Kesho tena nitalima, moyo ujapovunjika.

Sasa uondoe mshororo wa mwisho, uweke huu mahali pake:

Sishiki jembe daima, mwenzenu metamauka.

Mishororo mitatu ya kwanza haikubadilika hata silabi moja. Hasara ni ile ile, chozi ni lile lile. Lakini katika ubeti wa kwanza toni ni ya huzuni iliyochanganyika na ustahimilivu, na katika wa pili toni ni ya kutamauka. Waulize wanafunzi ni neno gani lililoigeuza toni. Wengi watataja "metamauka". Wasukume kidogo zaidi: hata tukilifuta neno hilo, "sishiki jembe daima" peke yake inatosha. Tendo lililoachwa ndilo ushahidi. Unaweza pia kuutumia mshororo huo kufundishia inkisari, maana "metamauka" ni "nimetamauka" iliyofupishwa ili mizani ya kipande itimie nane.

Makosa yanayojirudia

Katika kusahihisha insha na majibu ya fasihi, nimeyaona makosa yafuatayo mara kwa mara.

Kwanza, kukata roho mahali pa kukata tamaa. Kukata roho ni kufa. Mtahiniwa anayeandika kwamba mhusika "alikata roho baada ya kufeli mtihani, kisha akaenda mjini kutafuta kazi" amemwua mtu na kumpandisha gari. Kukata kamba nako ni kufa. Kukata shauri ni kuamua. Kitenzi kukata kina nahau nyingi. Kila moja ikaririwe na maana yake.

Pili, kushika tamaa mahali pa kushika tama. Tama ya kiganja shavuni ina irabu moja mwishoni. Tamaa ya tumaini ina mbili. Anayeshika tama ana huzuni. Anayekata tamaa amepoteza tumaini. Hakuna nahau ya kushika tamaa wala ya kukata tama.

Tatu, kufunjika moyo. Hili ni letu hasa katika maeneo haya ya Waluhya. Wengi wa wanafunzi wetu, kwa athari ya lugha ya kwanza, hutamka f penye v na s penye z, na wanavyotamka ndivyo wanavyoandika: "fitu", "kufunjika", "husuni". Kumkemea hakusaidii. Mpe jozi za maneno ayatamke na kuyaandika: faa na vaa, fua na vua, fumba na vumba, sana na zana. Akizoea kutofautisha maana, mkono nao utafuata.

Nne, kuchanganya kutamauka na maneno yanayofanana nalo kwa sauti. Kutamanika ni kuwa wa kutamaniwa. Kutamalaki ni kutawala au kuenea. Ukisema "mhusika ametamalaki" ukikusudia kuwa amepoteza tumaini, umesema kinyume kabisa: umempa ufalme.

Tano, kuvunjika mbavu. Huku ni kucheka sana. Kumbuka moyo na mbavu vimekaa karibu mwilini, lakini katika nahau vimetengana mno.

Sita, kuchanganya sifa na hali. Swali likisema "Eleza sifa nne za mhusika", kutamauka si jibu zuri, kwa sababu sifa ni tabia inayojirudia na hali ni ya wakati fulani. Unaweza kusema mhusika ni mwepesi wa kukata tamaa iwapo umemwona akiachia njiani zaidi ya mara moja. Swali likisema "Eleza hali aliyokuwamo msemaji wa maneno haya", hapo kutamauka kuna nafasi yake.

Mfano wa swali na jibu

Chukulia swali hili: "Ridhaa alivunjika moyo lakini hakutamauka." Jadili kauli hii kwa kurejelea riwaya ya Chozi la Heri. (alama 10)

Jibu dhaifu husema: "Ni kweli. Ridhaa aliteseka sana na alilia sana lakini alivumilia." Hakuna tukio lililotajwa, na neno kuvumilia limetumiwa kuziba pengo.

Jibu imara huanza kwa kuyatenganisha maneno mawili ya swali: kuvunjika moyo ni kuumizwa na pigo, kutamauka ni kupoteza tumaini hata kuacha jitihada. Kisha hugawanyika sehemu mbili. Katika ya kwanza, mtahiniwa anataja mapigo: moto, vifo vya jamaa, kupotea kwa makao aliyoyajenga kwa miaka, na uchungu wa kugeukwa na majirani. Kila pigo linafuatwa na namna lilivyomwumiza. Katika ya pili, anataja matendo ya Ridhaa baada ya mapigo hayo, moja baada ya jingine, na kila moja linafuatwa na sentensi inayoonyesha kwamba mtu aliyetamauka asingelitenda. Mwishoni anatoa uamuzi. Jibu la aina hii halihitaji Kiswahili cha ajabu. Linahitaji mtahiniwa aliyesoma kitabu chenyewe badala ya mwongozo peke yake.

Kwa mwalimu

Nimelizungumzia neno hili kama somo la mtihani, lakini halikai katika karatasi ya mtihani peke yake. Wapo wanafunzi wetu wanaolala kwa kuhesabu siku watakazorudishwa nyumbani kufuata karo. Wapo waliofeli majaribio matatu mfululizo. Wapo waliofiwa na wanaopika jioni kwa ajili ya wadogo zao. Wengi wao wamevunjika moyo mara kadhaa na bado wanakuja shuleni. Hao tunapaswa kuwatia shime, kwa kuwa wanastahimili.

Mwalimu amjue yule mwingine. Yale maswali matatu tunayomfunzia mhusika wa kitabuni yanamfaa pia mwanafunzi wa dawati la nyuma. Alitumaini nini? Nini kimemwondolea tumaini? Ameacha kutenda nini? Mwanafunzi aliyekuwa akiinua mkono, sasa hauinui. Aliyekuwa akileta insha ya ziada isahihishwe, sasa hata ya lazima haileti. Huenda hajalia mbele ya mtu yeyote. Huenda hata anacheka na wenzake wakati wa mapumziko. Ukingoja machozi ndipo utambue, utachelewa, kama mtahiniwa anayetafuta kutamauka penye kilio tu.

Tena insha husema mengi. Mwanafunzi anapoandika zaidi ya mara moja kwamba msimulizi wake amekata tamaa ya maisha, usiishie kukagua tahajia na kuandika "mtiririko mzuri". Huenda ni ubunifu mtupu. Huenda sivyo. Mwite pembeni kwa utaratibu, mbali na masikio ya wenzake, umwulize habari zake, na usione haya kuihusisha idara ya ushauri nasaha ya shule. Dakika kumi za mazungumzo hazitauharibu mpango wako wa kazi.

Aidha, tuichunge kalamu nyekundu. Kitenzi kutamausha kina mtenda, na wakati mwingine mtenda huyo ni sisi. "Hujui kitu", "Huyu hafai", "Unapoteza karo ya mzazi": maneno kama haya yakiandikwa kwenye karatasi au kwenye ripoti ya muhula husomwa mara nyingi kuliko tunavyodhani, na husomwa usiku. Alama zitolewe kwa haki, makosa yaonyeshwe yote, lakini mwanafunzi abakishiwe jambo moja la kutenda kesho: neno la kutafuta katika kamusi, sura ya kurudia, aya ya kuandika upya. Mwenye jambo la kutenda kesho hajatamauka bado.

Zoezi

1. Nyambua kitenzi tamauka katika kauli ya kutendesha na ya kutendeshwa, kisha utunge sentensi moja kwa kila kauli.

2. Tofautisha kimaana: (a) kufa moyo na kuvunjika moyo, (b) kukata tamaa na kukata roho, (c) kushika tama na kukata tamaa.

3. Chagua mhusika mmoja kutoka Nguu za Jadi na mwingine kutoka Bembea ya Maisha ambao wamepatwa na mapigo. Kwa kutumia maswali matatu yaliyopendekezwa, amua iwapo kila mmoja ametamauka au amevunjika moyo tu. Thibitisha kwa matukio.

4. Tunga ubeti mmoja wa tarbia wenye toni ya huzuni. Badilisha mshororo wa mwisho ili toni iwe ya kutamauka, bila kulitumia neno kutamauka lenyewe.